MTOTO WAKO ANAPUMUA NAMNA GANI USIKU?

Mazungumzo na wamama siku ya kupima kilo

Wamama wa hapa Kasongo, na ninyi mliotoka njia ya Kabambare na watoto mgongoni kabla jogoo hajawika, kaeni vizuri. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe, hatutakasirika. Mzani uko pale, karte zenu ziko mezani, hakuna atakayesahauliwa. Lakini kwanza tuzungumze kidogo.

Siku nyingine tulisema juu ya uji na juu ya maji ya kunywa. Leo nataka kusema juu ya usiku. Mchana muganga anaweza kumwona mtoto wako. Usiku hakuna muganga karibu naye. Uko wewe tu, mama, na mtoto amelala ubavuni pako. Macho yako na masikio yako ndiyo dispansere ya usiku. Kwa hiyo nataka mjue kutazama kitu gani na kusikiliza kitu gani.

KAZI YA MAPAFU, NA MAMBO YA USINGIZI

Kila mtu ana mapafu mawili kifuani. Hewa inaingia puani, inapita kooni, inashuka mpaka katika vifuko vidogo sana vya mapafu. Pale damu inapokea ile sehemu ya hewa inayoitwa oksijeni, na kuipeleka mwilini mote: moyoni, katika bongo, mpaka vidole vya miguu. Bila oksijeni bongo inazimika kama taa isiyo na mafuta.

Sasa usingizi unafanya nini? Tukilala, mwili unalegea. Nyama za kooni zinalegea vilevile, na njia ya hewa inakuwa nyembamba kidogo. Pumzi inakuwa ndogo. Hata kukohoa kunapungua, na makohozi yanakaa ndani. Kwa mtu mzima wa afya hii si kitu. Lakini kwa mtoto mwenye mapafu mabaya, usiku ni kama mlima wa kupanda. Ndiyo maana mara nyingi tunasikia: "Muganga, mchana alikuwa anacheza. Usiku ndipo iliharibika."

Kitu kimoja msiogope bure. Mtoto mchanga wa siku chache hapumui kama saa ya ukutani. Anapumua mbio kidogo, anatulia sekunde chache, kisha anaendelea. Hiyo ni kawaida yake. Lakini akikaa sekunde 20 bila kupumua, au midomo ikawa rangi ya buluu, hiyo si kawaida hata kidogo. Mwamshe, mbebe, mlete upesi.

USINGIZI USIO USINGIZI

Nitawaambia jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua vizuri nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Nilikuwa na zamu ya usiku katika hospitali moja. Chumbani alikuwako mtoto wa miezi minane mwenye kichomi, ugonjwa wa mapafu ambao waganga wanauita nimonia. Tangu jioni alilia, alijigeuza, alikataa ziwa. Mama yake alikuwa amechoka sana, na mimi vilevile.

Karibu saa nane ya usiku yule mama aliniita kwa sauti ndogo, akisema: "Muganga, aksanti. Mutoto iko nalala muzuri sasa."

Nilifurahi. Nilipita na taa, nikaona mtoto amefunikwa kitenge, kimya. Sikukiinua kile kitenge. Sikuhesabu pumzi. Sikujaribu kumwamsha. Nilikwenda mezani nikaandika katika kitabu cha zamu: "Mtoto amelala." Saa kumi muuguzi mkubwa alikuja kuzunguka. Yeye alikiinua. Alimwita mtoto, alimgusa nyayo, alimfinya kidogo. Mtoto hakufungua macho. Tulifanya yote tuliyoweza, lakini kabla ya asubuhi alikufa.

Mama yake aliniuliza: "Si alikuwa anapumuzika?"

Wamama, yule mtoto hakuwa anapumzika. Alikuwa amechoka kupumua. Mtoto mwenye kichomi anapigana. Kila pumzi ni kazi, kama mtu anayebeba mfuko wa mihogo bila kuutua. Anapigana saa moja, saa tano, saa kumi. Kisha nguvu zinakwisha, na oksijeni inapungua katika bongo. Ndipo halii tena na hajigeuzi tena. Kwa macho ya mama aliyechoka, na kwa macho ya mwanafunzi aliyechoka, anaonekana amelala vizuri.

Tangu usiku ule nimefundisha wauguzi wengi, na kila mwaka ninawaeleza ile sentensi niliyoiandika katika kitabu. Na ninyi nawaeleza. Mtoto mwenye kikohozi na homa akinyamaza ghafula, msishukuru kwanza. Inueni nguo, mtazame kifua. Mwamsheni. Mtoto anayelala usingizi wa kweli atakasirika, atalia, atatafuta ziwa. Mtoto asiyeamka, au anayefungua macho kidogo na kulegea tena, yuko hatarini. Msingoje kuche.

HESABU PUMZI

Mama mmoja atauliza: Mimi sina mashine ya kusikiliza kifua, nitajua namna gani kama ni mafua tu au ni kichomi?

Ulizo hili waganga waliliuliza vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Papua Guinea Mpya, mji wa Goroka, muganga Frank Shann na wenzake walichunguza watoto wengi wenye kikohozi. Kule nako kuna milima, njia ni ndefu, na hospitali ni chache. Waliona kwamba mfanyakazi wa afya asiye na mashine anaweza kumtambua mtoto wa kichomi kwa mambo mawili: kuhesabu pumzi na kutazama kifua. Shirika la Afya Ulimwenguni lilichukua fundisho hilo, na leo ndilo tunalofuata hapa na katika nchi nyingi.

Fanya hivi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo, tazama tumbo na kifua. Kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya mkono au kwa simu. Kama huna, mwite mtumishi wa afya wa kijiji, au jirani mwenye simu. Yeye atazame dakika, wewe uhesabu. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, maana mtoto hapumui sawasawa. Ukiwa na mashaka, hesabu tena.

Kumbuka hesabu hizi tatu:

Mtoto aliye chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi, ni mbio mno.
Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka 1: pumzi 50 au zaidi, ni mbio mno.
Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5: pumzi 40 au zaidi, ni mbio mno.

Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto wa afya akivuta hewa, kifua kinatoka nje. Mtoto mwenye kichomi kikali akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani, kama mtu amemvuta kwa kamba. Tazama pua pia: matundu yakipanuka kila pumzi, mtoto anatafuta hewa.

Ukiona pumzi mbio au kifua kinachoingia ndani, mlete siku ileile. Wengi wataponyeshwa kwa kidonge cha amoksisilini kinachoyeyuka ndani ya maji. Muuguzi atatazama kilo na umri wa mtoto, ndipo atasema kiasi. Maliza siku zote ulizoandikiwa, hata kama mtoto amepata nafuu siku ya pili. Nusu ya dawa haiui wadudu wote, na wale wanaobaki wanakuwa wakaidi. Tena usinunue vidonge vya rangirangi sokoni. Na kama ni mafua tu, mtoto anakohoa lakini hapumui mbio na ananyonya vizuri, hana haja ya amoksisilini. Mpe ziwa mara nyingi, safisha pua yake, tazama pumzi yake usiku. Mkubwa wa mwaka 1 na zaidi unaweza kumpa asali kidogo. Aliye chini ya mwaka 1 usimpe asali.

Msikubali mtu akate kilimi cha mtoto juu ya kikohozi, wala amchanje chale kifuani. Kichomi hakikai katika kilimi. Kidonda kile kinatoa damu na kuleta ugonjwa mwingine.

DALILI ZISIZONGOJA ASUBUHI

Mlete mtoto usiku uleule ukiona hata moja ya hizi:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu.
3. Ameshikwa na degedege.
4. Haamki, au amelegea kabisa.
5. Midomo au ulimi ni rangi ya buluu au ya majivu.
6. Anaguna kila pumzi, au koo linalia akiwa ametulia.
7. Ni chini ya miezi 2, na anapumua mbio, au ana homa, au mwili ni baridi.

Najua njia zetu. Najua mito wakati wa mvua, najua usiku wa barabara ya Kabambare, najua baba anayesema, "Tungoje kuche." Ndiyo sababu nawaomba mzungumze na wababa kabla ya ugonjwa. Amueni leo: mtoto akipata dalili hizi, nani atakwenda na mama? Nani ana kinga, au piki? Franga zitatoka wapi? Nyumba iliyokwisha kuamua haipotezi saa tatu kwa kubishana.

MPIRA WA PUANI HAUUI

Neno moja nalisikia mara nyingi: "Ule mutoto walimuwekea oksijeni, akakufa. Wangu musimuwekee." Wamama, tufikiri pamoja. Anayewekewa oksijeni ni nani? Ni yule aliye mgonjwa sana. Tukimwekea amechelewa, wengine watakufa, na watu watasema ni mpira uliomwua. Ni kama kusema mvua inaletwa na mwavuli.

Hospitalini tuna kipimo kidogo kinachobana kidole. Hakitoboi, hakiumi. Kinaonyesha kama damu ina oksijeni ya kutosha. Ikipungua, tunaweka mpira mwembamba puani.

Shida yetu kubwa ni umeme, hasa usiku. Jirani zetu wa Uganda walijaribu jambo jema. Katika hospitali 20 za nchi yao waliweka mashine za oksijeni zinazotumia nguvu za jua, na betri za kufanya kazi usiku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: kati ya watoto waliopungukiwa oksijeni, vifo vya siku mbili za kwanza vilipungua karibu nusu. Basi muganga akisema, "Mama, tunamwekea mpira," kubali upesi. Kaa karibu, shika mkono wa mtoto. Usiutoe mpira akilala.

WATOTO WA KASONGO NA SURUA

Sasa habari ya nyumbani kwetu. Wengi hawajui kwamba jina la Kasongo linasomwa katika shule za uganga za Ulaya na Amerika. Katika miaka ya 1970, wakati nchi iliitwa Zaire, waganga wa hapa pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi ya afya hapa Kasongo. Walijenga kazi yao juu ya vituo vya afya vilivyo karibu na watu, na hospitali nyuma yao.

Katika kazi hiyo walifuata habari za watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, tangu miezi 7 mpaka miezi 35. Kwa nini surua, katika mazungumzo ya mapafu? Kwa sababu surua haiui kwa vipele. Inavunja ukuta wa kinga mwilini, na wadudu wengine wanaingia. Kichomi kinachofuata surua ndicho kinachoua watoto wengi kuliko surua yenyewe.

Waliona nini? Waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa, hasa katika miezi ya kwanza. Baadaye tofauti ilipungua. Waganga hao hawakuificha. Mwaka 1981 waliiandika katika gazeti la waganga la London, wakiuliza ulizo gumu: je, chanjo inamwokoa kweli mtoto dhaifu, au kifo kinangoja tu mpaka ugonjwa mwingine? Ulizo hilo la Kasongo lilizunguka dunia nzima. Wengine walizitazama tena zile hesabu, kati yao Peter Aaby, mtu wa Denmark aliyefanya kazi miaka mingi Guinea-Bissau, wakaonyesha kwamba faida ya chanjo inabaki. Leo hakuna mashaka tena: chanjo ya surua inaokoa watoto.

Lakini ulizo lile lilikuwa na fundisho. Mtoto aliyechanjwa anahitaji bado chakula, ziwa, na kupimwa kilo. Sindano moja haimalizi kazi ya mama. Ndiyo sababu tunawaambia: rudini hata kama mtoto haumwi.

Na msifikiri surua ni ya zamani. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ilipita katika nchi yetu ya Kongo na kuua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto apate chanjo ya surua akifika miezi 9, na arudi tena kila siku karte inapoonyesha. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 pia zinakinga mapafu: ndani yake mna kinga ya kifaduro na ya wadudu wawili wakubwa wa kichomi. Mama aliyepoteza karte asikae nyumbani kwa haya. Aje, tutamwandikia nyingine.

MOSHI WA JIKO

Katika nchi ya Kenya, sehemu ya Laikipia, wachunguzi Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuata nyumba 55 kwa zaidi ya miaka miwili. Walipima moshi ndani ya nyumba, walitazama nani anakaa karibu na moto, na nani anaugua kifua. Mwaka 2001 walitangaza: mtu kadiri anavyovuta moshi mwingi, ndivyo anavyougua kifua mara nyingi. Na nani anavuta zaidi? Mama, na mtoto aliye mgongoni mwa mama.

Basi tubadili jiko na yote yamekwisha? Si rahisi hivyo. Huko Malawi walijaribu kwa watoto zaidi ya 10,000. Nyumba zingine zilipewa majiko mapya yenye moshi mdogo, zingine ziliendelea na mafiga. Mwaka 2016 walisema wazi: kichomi hakikupungua. Moshi wa jirani, wa takataka, wa kibatari na wa tumbako uliendelea kuingia katika pua za watoto. Hii haisemi moshi ni mwema. Inasema kwamba njia moja ikizibwa na nyingine kubaki wazi, mtoto bado anavuta.

Kwa hiyo tuzibe zote tunazoweza. Pika nje, au katika jiko la mbali lenye madirisha. Tumia kuni kavu. Mtoto asibebwe mgongoni unapopuliza moto. Mpe dada yake amshike mbali. Moto wa makaa usiingizwe chumbani usiku mlango ukiwa umefungwa: hewa yake haina harufu, lakini inaua watu usingizini. Na baba anayevuta tumbako avute nje.

Mtoto mchanga mlaze chali, si kwa tumbo, na kitenge kisimfunike uso.

KIKOHOZI KISICHOKWISHA

Kikohozi kikipita wiki mbili, kwa mkubwa au kwa mdogo, si cha kunyamazia. Ikiwa mtu anatoka jasho usiku mpaka nguo inalowa, anakonda, ana homa ya jioni, au anatema damu, alete makohozi yapimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu. Mtoto mara nyingi hatoi makohozi. Yeye utamwona kilo hazipandi, hachezi, anakohoa, na nyumbani yuko mkubwa mwenye kifua.

Zamani dawa ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja na nusu. Wengi walichoka na kuacha. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania ndio waliosaidia kuvunja mzigo huo. Tangu mwaka 1970 waganga wa Afrika ya Mashariki pamoja na wa Uingereza walijaribu dawa ya miezi 6. Wagonjwa waliopewa dawa mbili za zamani tu kwa miezi 6, karibu 29 kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa. Waliopewa dawa zilezile pamoja na rifampisini, ni karibu 3 tu kati ya 100. Hapo dunia ilijua kwamba miezi 6 inatosha, kama dawa ni ile inayofaa na inamezwa yote. Mwaka 2022 utafiti mwingine, wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, ulionyesha kwamba watoto wenye kifua kikuu kisicho kikali wanapona kwa miezi 4.

Wale wagonjwa walikubali kuhesabiwa na kufuatwa ili wewe umeze miezi 6 badala ya 18. Usiache mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimekwisha. Dawa hizi ni bure. Na watoto wadogo wanaolala nyumba moja na mgonjwa waletwe hata kama hawakohoi, maana wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga.

ANAYEKOROMA NA ANAYESINZIA MCHANA

Mtoto akikoroma kidogo wakati wa mafua, si neno. Lakini yule anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, shingo ameirudisha nyuma, anakata pumzi kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, huyo halali kwa kweli. Mara nyingi ni nyama za nyuma ya pua na kooni zimevimba na kuziba njia. Mchana utamwona anasinzia darasani, au ana hasira, au hakui, au anakojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha. Msimpige kwa uvivu. Mleteni tumtazame koo. Mtu mzima, hasa mnene, anayekoroma na kukata pumzi namna hii, naye aje apimwe, hata tensheni yake.

Mwingine anakohoa kila mapambazuko, na kifua kinapiga filimbi. Hiyo inaweza kuwa pumu. Ina dawa ya kuvuta kwa mdomo, na mtoto anaweza kucheza na kusoma kama wengine.

Lakini hapa kwetu kuna usingizi mwingine pia. Kasongo na Kabambare ni sehemu ambazo malale yamejulikana tangu zamani, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mgonjwa wa malale anasinzia mchana na kukesha usiku, anaumwa kichwa, ana homa inayokuja na kwenda, tezi za shingo zinavimba, na tabia yake inabadilika mpaka watu wanasema amerogwa. Mapafu yake ni mazima, ni bongo inayoshambuliwa. Msimpeleke kwa mpiga ramli, mleteni apimwe damu. Zamani dawa yake ilikuwa sindano kali. Leo, baada ya majaribio yaliyoongozwa na Mkongo mwenzetu, Daktari Victor Kande, wagonjwa wengi wanatibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli kwa siku 10. Kikosi cha kupima damu kikifika kijijini, msikimbilie shambani.

KWA KUMALIZA

Nilianza na mtoto aliyekufa. Nimalize na mwingine. Mwaka uliopita mama mmoja alisikia mazungumzo haya, akiwa ameketi nyuma pale mlangoni. Wiki tatu baadaye alifika saa tisa ya usiku, amelowa umande mpaka magotini, na shemeji yake akishika taa. Kabla sijauliza kitu alisema: "Muganga, nimehesabu mara mbili. Ni makumi sita na mbili. Na alinyamaza, lakini mimi sikukubali." Mtoto alikuwa wa miezi saba. Alikaa na mpira puani siku mbili, akarudi nyumbani akinyonya.

"Alinyamaza, lakini mimi sikukubali." Neno lile ni zuri kuliko mafundisho yangu yote. Lichukueni.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Mtoto wa miezi 6 anapumua mara 54 kwa dakika. Utafanya nini?
2. Mtoto mwenye homa na kikohozi alilia tangu jioni, sasa amenyamaza. Utajua namna gani kama ni usingizi wa kweli?
3. Taja dalili nne zisizongoja asubuhi.
4. Kwa nini chanjo ya surua inakinga mapafu?
5. Nyumbani kwenu, nani atasindikiza mama usiku? Mmekwisha kuamua?

Haya, wamama. Anayejua jibu la kwanza na aanze kupanda mzani.